WANAWAKE WALIOKAA CHINI ILI VITA VIISHE

Somo juu ya akina mama wa Liberia, mwaka 2003

Wakatekumeni wapendwa, watu wengi wakisikia neno «ushujaa» humfikiri mara moja mwanaume mwenye bunduki. Wakisikia neno «uongozi» humfikiri chifu, waziri au mkubwa wa askari. Somo hili laonyesha ushujaa na uongozi wa namna nyingine. Latoka katika nchi ya Liberia, upande wa magharibi wa Afrika. Watu wake ni wauzaji wa sokoni, wakulima, wakimbizi na akina mama wa nyumbani. Hawakushika silaha hata moja, na wengi wao hawakuwa na cheo chochote. Walakini walisimama mbele ya wakubwa wa vita, na wakubwa wale wakalazimika kuwasikiliza.

Someni polepole. Anayejua kusoma awasomee wasiojua. Mwishoni yapo maulizo ya kujibu.

I. NCHI NA VITA VYAKE

Liberia iko kando ya bahari ya Atlantiki, na mji wake mkuu ni Monrovia. Ilijitangazia uhuru mwaka 1847. Walioiongoza wakati ule walikuwa watu weusi waliotoka Marekani, wengi wao watumwa waliopewa uhuru, au wana wa watumwa. Wazao wa wageni hao walishika mamlaka kwa muda wa miaka zaidi ya mia, na wenyeji wa nchi wakaachwa nje ya mlango. Mwaka 1980 askari mmoja, jina lake Samuel Doe, aliipindua serikali kwa nguvu. Naye akatawala kwa ukali, akipendelea watu wa kabila lake. Hivyo chuki ilikusanyika mwaka kwa mwaka, kama kuni kavu zinazongoja moto.

Moto uliwashwa mkesha wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1989. Siku hiyo watu wa Charles Taylor waliingia nchini kwa silaha, wakitoka Côte d'Ivoire. Mwaka 1990 Doe aliuawa, lakini vita havikuisha. Makundi ya wenye bunduki yaliongezeka, kila moja na mkubwa wake. Watoto walitekwa, wakapewa dawa za kulevya na bunduki, wakafundishwa kuua. Wasichana na akina mama walitendewa jeuri kubwa. Vijiji vilichomwa moto.

Hata nyumba ya Mungu haikuheshimiwa. Tarehe 29 Julai 1990, usiku, askari wa serikali waliingia katika kanisa la Mtakatifu Petro la Walutheri, mjini Monrovia. Humo walikuwamo watu wengi waliokimbilia usalama, wazee kwa watoto. Waliuawa wapata 600. Likumbukeni kanisa hilo, maana somo litarudi pale.

Mwaka 1997 ulifanyika uchaguzi, na Taylor akawa rais. Lakini mwaka 1999 vita vilianza upya. Waasi wengine walikuja kutoka kaskazini, na mwaka 2003 kundi jingine likatokea kusini-mashariki. Jumla ya waliokufa katika vita hivyo vyote viwili yakadiriwa kuwa watu 200,000 au zaidi, katika nchi yenye watu milioni tatu hivi. Msomaji wa Kongo, hasa wa upande wa mashariki, hana haja ya kuelezwa sana maana ya maneno hayo. Kukimbia usiku na mtoto mgongoni, kulala porini, kurudi na kukuta shamba limevunwa na wenye bunduki: mambo hayo yajulikana.

II. JINSI WALIVYOANZA

Katikati ya mateso hayo alikuwako mwanamke kijana, jina lake Leymah Gbowee. Alizaliwa mwaka 1972. Vita vilipoanza alikuwa msichana wa miaka 17, amekwisha maliza masomo ya sekondari, akitumaini kuendelea mbele. Vita viliyakata matumaini yake. Akawa mkimbizi nchini Ghana, akaona njaa, akateswa na mwanaume aliyekaa naye. Aliporudi Monrovia alifanya kazi pamoja na Walutheri, akiwasaidia watu waliojeruhiwa rohoni na vita. Kati yao walikuwamo vijana waliokuwa askari wakiwa bado watoto. Mwaka 2002 alikuwa mama wa watoto wanne. Hakuwa tajiri, wala mke wa mkubwa.

Mwaka huo aliota ndoto. Alisikia sauti ikimwambia awakusanye wanawake wa kanisa waiombee amani. Aliposimulia ndoto hiyo alidhani yampasa mtu mwingine kuitimiza, mtu mtakatifu zaidi, kwa maana alijiona hastahili. Wenzake walimwambia kwamba aliyepewa ndoto ndiye anayepaswa kuibeba.

Basi wanawake wachache wakaanza kukutana na kusali. Walikutana katika kanisa lile lile la Mtakatifu Petro, mahali damu ya watu wengi ilipomwagika. Hawakuanza na fedha, wala na hotuba kubwa. Walianza wakiwa wachache, wakirudi kila juma bila kuchoka. Gbowee hakuwa peke yake. Pamoja naye alikuwako Vaiba Flomo, mwenzake wa kazi, na akina mama wengine ambao majina yao hayakuandikwa popote. Walikuwa tena na wenzao katika chama cha wanawake wa Afrika ya Magharibi waliojitolea kufanya kazi ya amani.

III. WAKRISTU NA WAISLAMU PAMOJA

Siku moja katika mkutano wao kanisani aliinuka mwanamke Mwislamu. Jina lake Asatu Bah Kenneth, naye alikuwa ofisa katika polisi ya Liberia. Aliwasifu wanawake Wakristu kwa kazi waliyoianza, akaahidi kwamba atawaita wanawake Waislamu wafanye nao kazi hiyo hiyo. Akatimiza ahadi yake.

Hapo yalitokea mashaka. Wanawake wengine Wakristu waliona vibaya kushirikiana na Waislamu. Waliogopa kwamba imani yao itapungua, au kwamba watachanganya dini mbili kuwa moja. Shida hiyo haikuwa ndogo, na ingaliweza kuivunja kazi yote. Viongozi wao waliwajibu kwa ulizo jepesi: je, risasi ikiruka hutafuta kwanza kama mtu ni Mkristu au Mwislamu? Mtoto wa Mwislamu akifa kwa njaa, je, machozi ya mama yake si machozi?

Ulizo hilo liliwafungua macho. Walifahamu kwamba hakuna aliyewaomba kuiacha imani yao. Mkristu alibaki Mkristu, akasali sala zake. Mwislamu alibaki Mwislamu, akasali zake. Walichoshirikiana ni haja moja ya haki: watu wasiuawe tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wazee. Na mkono una vidole vingi visivyofanana.

Ndipo walipotoka nje kwenda kwa watu. Ijumaa walikwenda misikitini, saa watu walipotoka katika sala. Jumamosi walikwenda sokoni. Jumapili walikwenda makanisani. Waligawa karatasi ndogo zenye maneno ya amani. Na kwa kuwa akina mama wengi hawakujua kusoma, walitumia picha zilizochorwa. Mwenye macho aliweza kufahamu. Kazi hiyo ilichukua miezi mingi. Watu wanaosimulia habari hii mara nyingi huipita haraka sehemu hii, kwa sababu haina kelele. Kumbe, bila miezi ile ya kutembea kwa miguu toka soko hadi soko, yasingalitokea yale yaliyofuata.

IV. KIWANJA KARIBU NA SOKO LA SAMAKI

Mwanzoni mwa mwaka 2003 waasi walikuwa wamekwisha kukaribia mji mkuu. Watu wa vijijini walijaa katika kambi za wakimbizi kandokando ya Monrovia. Chakula kilikuwa haba. Rais Taylor alikwisha kataza watu kuandamana njiani. Ndipo wanawake walipoona kwamba kusali ndani ya nyumba ni kwema, lakini imefika saa ya kusali mahali ambapo wakubwa watawaona.

Walitangaza mwito wao katika Redio Veritas, redio ya Kanisa Katoliki pale Monrovia, nayo habari ikaenea. Tarehe 11 Aprili 2003 walikusanyika kwa wingi kwenye jumba la mji, wakasema wazi haja zao. Haja hizo zilikuwa tatu tu:

1. Wenye silaha wa pande zote waache kupigana mara moja.
2. Serikali na waasi wakae pamoja na kusemezana.
3. Majeshi ya mataifa yaje kulinda amani.

Angalieni jinsi haja hizo zilivyo fupi. Hata mama asiyejua kusoma aliweza kuzishika kichwani na kuzisema mbele ya yeyote aliyemwuliza. Hawakuomba vyeo. Hawakusema kwamba upande huu ni mwema na upande ule ni mbaya. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba wametumwa na waasi, wala kwamba wamenunuliwa na serikali.

Rais alikaa kimya. Basi wanawake wakaenda kukaa katika kiwanja karibu na soko la samaki, kando ya barabara ambayo rais alipita kila siku na magari yake. Walivaa nguo nyeupe, na vitambaa vyeupe kichwani. Waliacha mapambo yote: hereni, mikufu, rangi za uso. Jambo hilo walijifunza katika Maandiko Matakatifu, katika habari za Ester. Wakatekumeni waliokwisha kusikia Agano la Kale wanamkumbuka malkia huyo. Watu wake walipohukumiwa kuangamizwa, alifunga, akawaambia wengine wafunge pamoja naye, kisha akaingia mbele ya mfalme bila kuitwa, ingawa sheria iliweza kumwua kwa kufanya hivyo. Wanawake wa Liberia walisema: nasi pia tunakwenda mbele ya mfalme bila kuitwa.

Kila siku waliamka kabla ya mapambazuko. Waliwapikia watoto chakula, kama kilikuwapo, kisha wakaenda kukaa kiwanjani mpaka jioni. Jua liliwachoma. Mvua ilipoanza kunyesha iliwalowesha, nao hawakuondoka. Waliimba, walisali, walinyamaza. Wengine walitoka katika kambi za wakimbizi, watu waliokwisha poteza kila kitu. Siku nyingine idadi yao ilizidi elfu mbili. Wengi wao walikubaliana kujitenga na waume zao kwa muda, ikiwa kama namna ya kufunga, ili wanaume nao wajue kwamba vita si jambo la kutazamwa tu kwa mbali.

Je, hawakuogopa? Waliogopa sana. Walijua kwamba serikali ile ilikwisha fanya ukatili mwingi, na kwamba wangeweza kupigwa, kufungwa au kuuawa. Lakini kesho yake walirudi tena. Mwanamke akikaa peke yake mbele ya bunduki, huondolewa kwa teke moja. Lakini wanawake elfu wakikaa pamoja, mwenye bunduki huuliza kwanza afanye nini.

V. MBELE YA RAIS

Tarehe 23 Aprili 2003 Taylor aliwakubalia kuja kwake katika jumba la serikali. Wanawake wengi sana wakaenda, wote katika mavazi meupe, wakaketi chini nje. Gbowee alichaguliwa kusema kwa niaba yao.

Hapo alifanya jambo la akili. Kati ya wakubwa waliokuwapo alikuwamo mwanamke mmoja, Grace Minor, aliyeongoza Baraza la Seneti. Gbowee aliyaelekeza maneno yake kwake, akimwomba mama huyo amfikishie rais. Kwa njia hiyo alimweka mama mmoja wa serikali kuwa shahidi, na rais akasikia kila neno bila kupata nafasi ya kugombana na msemaji. Alieleza kwamba akina mama wamechoka kukimbia, wamechoka kuombaomba chakula, wamechoka kuona binti zao wakiharibiwa. Na kwamba wamekuja kwa ajili ya maisha ya watoto wao. Wenzake walishikana mikono, wengine wakilia.

Taylor alikubali kwenda katika mazungumzo ya amani. Lakini mapatano hayafanywi na upande mmoja. Kwa hiyo wanawake wengine walisafiri mpaka Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mahali walipokuwapo viongozi wa waasi. Asatu Bah Kenneth alikuwa kati ya walioongoza safari hiyo. Waliwafuata mpaka hotelini kwao, wakawangoja nje, wakawasihi. Nao waasi wakakubali kwenda mezani.

VI. MLANGO ULIOZUIWA

Mazungumzo yalifunguliwa nchini Ghana, tarehe 4 Juni 2003. Siku ile ile Mahakama ya Pekee kwa ajili ya Sierra Leone ilitangaza kwamba Taylor ameshtakiwa kwa makosa ya vita katika nchi hiyo jirani. Taylor akarudi haraka Monrovia. Wajumbe wakabaki Ghana wakizungumza. Tarehe 17 Juni walitia sahihi ya kuacha kupigana kwa muda. Lakini sahihi ilibaki karatasini, na vita vikaendelea.

Majuma yalipita. Wajumbe walilala katika hoteli nzuri na kula vizuri, huku wakigombania nani atapewa wizara gani. Monrovia wakati huo ilizingirwa na waasi. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu, na wagonjwa wakakosa dawa na maji safi. Wakubwa walipojadili vyeo, watoto walikuwa wanazikwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tarehe 21 Julai 2003 mabomu yaliangukia mahali ambapo watu walikuwa wamekimbilia, karibu na ubalozi wa Marekani mjini Monrovia. Habari zikafika Accra, mji mkuu wa Ghana, ambako mazungumzo yalikuwa yakiendelea. Wanawake wa Liberia walikuwapo pale. Wachache walitoka Monrovia, na wengine ni wakimbizi waliokaa Ghana. Gbowee na wenzake waliona kwamba kungoja zaidi ni kukubali kifo. Wapata mia mbili wakaingia katika jumba la mkutano, wakaketi chini mbele ya mlango wa ukumbi, wakafungamana mikono. Kisha wakapeleka barua ndani kwa msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliyekuwa zamani mkuu wa serikali ya Nigeria. Walimjulisha kwamba wajumbe hawatatoka mpaka wafanye kazi waliyoijia.

Walinzi walikuja kumkamata Gbowee, wakisema kwamba anazuia kazi ya haki. Alipolisikia neno «haki» moyo wake uliungua. Akaanza kuvua kilemba chake, kisha nguo zake. Walinzi wakarudi nyuma, wameshikwa na hofu. Kwa makabila mengi ya Afrika, mama akiuvua mwili wake mbele ya wana kwa uchungu, ni aibu na laana isiyotamkika. Wakatekumeni wanajua jambo hilo bila maelezo. Mwili uleule uliozaa ndio unaowashtaki waliouharibu uhai.

Jenerali Abubakar alitoka nje. Mmoja wa wakubwa wa vita alipojaribu kuwaruka wanawake kwa nguvu na kuwapiga teke, jenerali alimrudisha ndani kwa maneno makali. Aliwasikiliza akina mama. Wao walitaka wajumbe wahudhurie kila mkutano, waache kupoteza siku, na wasiwatukane wanawake wakipita. Akaahidi, nao wakaufungua mlango. Walioshuhudia wasema kwamba tangu siku hiyo mazungumzo yalibadilika. Wajumbe walianza kufanya kazi kwa kweli.

VII. AMANI IKAJA, NA KAZI IKABAKI

Tarehe 11 Agosti 2003 Taylor aliacha urais, akaenda Nigeria. Tarehe 18 Agosti mapatano ya amani yalitiwa sahihi Accra. Majeshi ya mataifa yakaingia, kama wanawake walivyoomba katika haja yao ya tatu.

Ni lazima kusema kweli hapa. Wanawake hawakuvimaliza vita peke yao. Mashtaka ya mahakama yalimdhoofisha Taylor. Waasi walimbana kwa silaha. Nchi jirani na mataifa makubwa yalimsukuma aondoke. Mwenye kusimulia habari kana kwamba nyimbo na nguo nyeupe zilitosha, awadanganya wasikilizaji wake. Lakini mwenye kuwaacha wanawake nje ya habari naye adanganya, tena zaidi. Wao ndio waliosema mbele ya pande zote mbili kwa niaba ya wasio na bunduki. Wao ndio waliowazuia wakubwa wasizoee vifo vya watu. Bila wao mapatano yangalikawia, na kila siku ya kukawia ilihesabiwa kwa makaburi.

Baada ya sahihi wengi wangalirudi nyumbani kupumzika. Hao hawakupumzika. Mwezi wa Desemba 2003 kazi ya kukusanya silaha ilipoanza, walikuja vijana wengi kuliko walivyotazamiwa. Matayarisho hayakutosha, fujo ikazuka, watu wakafa, na kazi ikasimamishwa. Wanawake waliwaendea vijana hao kama mama aendavyo kwa mtoto mkali, wakawatuliza. Kazi ilianza upya mwezi wa Aprili 2004, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamejiandikisha kuacha vita.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani mgumu kuliko jua la kiwanjani. Maana kati ya vijana hao walikuwamo waliowaua ndugu za akina mama wale, na kuwaharibu binti zao. Kumpokea kijana wa namna hiyo arudi kijijini, kumpa chakula, kumwita tena mwana, si jambo la siku moja. Wanawake wengine walikiri kwamba hasira iliwaka bado ndani yao. Walakini walifahamu kwamba kijana asiyepokewa nyumbani atarudi porini, na bunduki itakuwa tena mama yake.

Mwaka 2005 uchaguzi ulikaribia. Wanawake wakatembea tena sokoni, wakiwahimiza wenzao wajiandikishe. Muuzaji aliyesema hawezi kuiacha meza yake, waliitunza. Mwenye mtoto mchanga, walimshikia mtoto. Ellen Johnson Sirleaf alichaguliwa, akaapishwa tarehe 16 Januari 2006: mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa na watu kuwa rais wa nchi. Alitawala mpaka Januari 2018, akamwachia kwa amani rais mwingine aliyechaguliwa. Mwaka 2011 yeye na Gbowee, pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Taylor alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 50 kwa makosa aliyoyatenda kwa Sierra Leone. Tangu 2003 vita havikurudi Liberia.

VIII. MAMBO YA KUSHIKA MOYONI

Kwanza. Shujaa si mtu asiye na hofu. Akina mama wale waliogopa kila asubuhi, na kila asubuhi wakaenda. Hofu huja yenyewe; kwenda au kukaa nyumbani ni shauri la mtu.

Pili. Aliyejiona hastahili ndiye aliyeanza. Gbowee hakungoja mpaka awe mkamilifu. Kama angalingoja hivyo, ndoto ingalikufa naye. Mkatekumeni asiseme: Nitatenda mema nikiisha kubatizwa. Aanze leo na mema aliyo nayo mkononi.

Tatu. Sala na kazi hazitengani. Wanawake wale walisali kwanza, na katika sala walipata nguvu za kutoka nje. Tena walipokuwa nje, kiwanjani, hawakuacha kusali. Anayesali kwa ajili ya amani na kisha kueneza masengenyo kisimani, avunja kwa ulimi alichokiomba kwa magoti.

Nne. Kushirikiana na mtu wa dini nyingine katika jambo la haki si kuikana imani. Jirani ni jirani, na uhai wake watoka kwa Mungu yuleyule.

Tano. Kiongozi ni yule anayerudi kesho yake. Wengi waweza kupiga kelele siku moja. Waliokaa kiwanjani juani na mvuani, siku baada ya siku, ndio waliosikilizwa.

MAULIZO

1. Ni haja gani tatu ambazo wanawake wa Liberia waliziomba? Kwa nini ilifaa ziwe fupi?
2. Kwa nini Wakristu wengine walisita kushirikiana na Waislamu? Walijibiwaje?
3. Malkia Ester alifanya nini, na wanawake wa Liberia walimwigaje?
4. Kwa nini Gbowee alielekeza maneno yake kwa Grace Minor, wala si kwa rais?
5. Ni kazi gani iliyobaki baada ya mapatano kutiwa sahihi? Ni ipi iliyokuwa ngumu kuliko zote, na kwa nini?
6. Katika kijiji chenu, watu wakigombana juu ya mpaka wa shamba au maji, ni nani ambaye sauti yake haisikilizwi kamwe? Mwulizeni juma hili anaonaje, kisha simulieni jibu lake katika mafundisho yajayo.